Tepu ya Bluu

Tajiri alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijanywa chai. Hakusalimia. Alisema eskaveta yake iko Igogwe, leo siku ya tatu haifanyi kazi, na niende leo hii hii. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani ndilo lililomwamsha mapema: "Na huyo opareta umwangalie. Ananiibia. Anachomoa waya ili GPS isione, ananyonya dizeli, halafu anarudishia. Nitafutie huo waya."

Nikamjibu, sawa tajiri. Kwetu mwenye gari au mtambo huitwa tajiri hata kama anadaiwa na benki, na fundi mwenye kodi ya chumba ya kulipa habishani na tajiri kwenye simu.

Nilipanda gari la Tukuyu pale Uyole, begi la vifaa likiwa mapajani. Kufika Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa, na mvua ikaanza kabla hatujaikuta migomba. Ulikuwa mwezi wa nne. Mwezi huo Rungwe nguo hazikauki kwenye kamba, zinahamishwa tu kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Nilishuka njiani nikamalizia na bodaboda hadi Igogwe.

Mtambo niliuona kabla sijashuka kwenye pikipiki. Eskaveta ya tani 20, njano iliyopauka, mkono umelala chini kama wa mtu aliyesinzia mezani. Mbele yake kulikuwa na mtaro ulioikata barabara ya udongo, upande hadi upande. Ulichimbwa ili kalavati liwekwe, na mtambo ukagoma kabla ya kuliweka na kufukia. Watu walikuwa wametandika mabanzi mawili juu ya mtaro. Hiyo ni njia ya watu wanaokwenda hospitali. Nilipokuwa nalipa bodaboda, mwanamke mmoja mjamzito alikuwa anavuka, mama mwingine amemshika mkono, wote wawili wakiangalia miguu yao na si wanakokwenda. Pikipiki iliyowaleta iliishia ng'ambo.

Opareta alikuwa ameketi juu ya mnyororo wa mtambo, chini ya mwavuli. Mtu wa miaka hamsini na kitu, koti la mvua limechanika begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mugonile," akaongeza, kama mtu anayepima kina cha maji. Kinyakyusa changu kinaishia kwenye salamu. Nikairudisha kama nilivyoipokea, akacheka, akanipisha chini ya mwavuli.

Nilimwomba anieleze. Akasema inagoma asubuhi. Ikifika saa tano au saa sita, jua likichungulia, inakubali na inapiga kazi vizuri hadi jioni. Siku ya mvua ya kutwa haikubali kabisa, na siku tatu hizi zilikuwa za mvua ya kutwa.

"Umemwambia tajiri hivyo?"

"Nimemwambia. Anasema mashine haina tabia za mtu."

Akawasha. Injini ilishika mara moja, sauti safi. Akazungusha kidude cha mafuta kutoka namba moja hadi kumi, na injini haikubadilisha hata pumzi. Ikabaki kwenye silensa. Akavuta mkono wa kuendeshea, bumu likapanda polepole mno, kama linanyanyua nyumba. Kwenye kioo cha mbele kilichopaswa kuonyesha joto, mafuta na saa za kazi, vipimo vyote vilikuwa vimelala sifuri, na katikati pembetatu nyekundu yenye namba ya kodi. Maana ya kodi ile ilikuwa fupi: hakuna mawasiliano na injini.

Kumbe fundi mwingine alishafika kabla yangu. Alisoma kodi hiyo hiyo, akasema kompyuta ya injini imekufa, akataja shilingi milioni 9. Hapo ndipo tajiri alipotafuta wa bei nafuu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufunua kiti cha eskaveta, naomba nieleze kidogo, maana kila kitu kilichofuata kinakaa juu ya nyaya mbili.

Mitambo ya zamani ilikuwa na kebo ya chuma. Ukivuta mkono wa mafuta, unavuta kebo, na kebo inavuta pampu ya dizeli. Ukitaka kujua tatizo liko wapi unafuata kebo kwa macho. Mitambo ya leo si hivyo. Kile kidude cha kuzungusha hakigusani na injini popote. Kinaiambia kompyuta ya mtambo kwamba dereva anataka nguvu. Kompyuta ya mtambo inaiambia kompyuta ya injini. Ya injini ndiyo inaongeza dizeli. Ya tatu iko nyuma ya kioo, kazi yake ni kusikiliza wenzake na kumwonyesha dereva wanachosema. Yote hayo yanapita kwenye nyaya mbili nyembamba kuliko kamba ya kiatu, zimesokotwa pamoja kama msuko wa nywele.

Utaratibu wa mazungumzo hayo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986 mjini Detroit, kwa ajili ya magari madogo, ukaenea hadi kwenye malori, matrekta na mitambo ya kuchimba. Hakuna mwenyekiti kwenye mazungumzo hayo. Kila kompyuta inaruhusiwa kusema, na zikianza mbili kwa pamoja, yenye ujumbe mdogo kwa uzito inanyamaza, inasubiri, inajaribu tena. Waya mmoja tunauita H, mwingine L. H ikipanda, L inashuka, na msikilizaji anapima tofauti iliyo kati yao. Ndiyo maana zinasokotwa: kelele ya umeme kutoka kwenye alteneta ikipiga, inazipiga zote mbili kwa kiasi kile kile, na tofauti inabaki ilivyokuwa. Kwenye kila mwisho wa njia kuna rezista ya omu 120, inayomeza ujumbe ukifika ukingoni usije ukarudi kama mwangwi.

Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba, mita inasoma 60. Hiyo ndiyo namba ya kukariri. Unazima betri, unasubiri kidogo, unaweka ncha za mita kwenye H na L. Ukiona 60, njia ni nzima. Ukiona 120, kuna mwisho mmoja hauonekani kutoka pale ulipo. Ukiona karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Ukiona 40, kuna mtu ameongeza rezista ya tatu.

Nilipokuwa VETA, Mbeya, mwalimu wetu wa umeme wa magari alikuwa na msemo aliourudia hadi tukauchoka: kodi haikwambii nani mkosaji, inakwambia nani kalalamika. Kompyuta ya kioo ikisema "simsikii injini", usikimbilie kumzika injini. Huenda anaongea na sauti haifiki. Huenda aliyelalamika ndiye kiziwi.

Na pale Igogwe injini ilikuwa inaunguruma mbele yangu. Injini ya aina ile haipigi dizeli hata tone bila kompyuta yake kuamuru. Maiti haipumui. Nikapima fyuzi zake, nikapima umeme unaoingia, volti 24 na ushee, nikapima waya wa kurudi kwenye bodi. Yote safi. Basi milioni 9 za yule mwenzangu zilikuwa za kumfufua mtu mzima.

Nikazima betri, nikafungua plagi ya pini tisa iliyo nyuma ya kiti, nikaweka ncha za mita kwenye tundu C na tundu D.

121.

Kutoka kwenye kabini, mwisho wa upande wa injini haukuonekana. Mahali fulani kati ya kiti na injini, waya mmoja ulikuwa umekatika au unakaribia. Nikaanza kufungua vifuniko. Saa saba mvua ikakata, jua likatoka dakika arobaini hivi, kabini ikaanza kutoa mvuke. Nilipopima tena, mita ilisoma 61. Mzee akawasha, akazungusha kidude, injini ikanguruma, vipimo vyote vikasimama mahali pake. Akapiga kazi kwa nusu saa, akasogeza udongo wa upande mmoja wa mtaro. Kisha wingu likarudi, na kabla ya saa tisa mtambo ukanyamaza tena.

Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, linalopona ukilifuata. Nilimwambia mzee nitalala, tuamke nalo.

Alikuwa amepanga chumba kimoja jirani na pale. Alinipikia ndizi na maharage kwenye jiko la mkaa, akaniachia godoro, yeye akatandika mkeka. Nilikataa mara mbili kama inavyotakiwa, mara ya tatu nikakubali. Tulipomaliza kula akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa tajiri. Zilikuwa picha za ramani ya GPS, zenye mstari wa kiwango cha dizeli. Mstari unakwenda sawa, unakatika saa moja asubuhi, unaanza tena saa tano ukiwa chini zaidi. Pale ulipokatika, tajiri alikuwa amezungushia duara jekundu. Chini ameandika: lita 16. Picha saba. Lita 112. Kwa shilingi 3,000 kila lita ni 336,000, na zilishakatwa kwenye mshahara wake wa mwezi wa tatu.

"Mwezi huu kasema anaongea na polisi," mzee akasema. Alikuwa anakwangua sufuria.

Kisha akavuta begi lake, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 48. Alikuwa ameandika kwa herufi za kujitahidi. Tarehe. Imegoma saa moja. Imekubali saa tano. Mvua. Tarehe nyingine. Imegoma saa moja. Imekubali saa tano kasoro. Ukungu. Hakuna aliyemwambia aandike, na hakuna aliyewahi kuomba kuona. Nikaweka daftari kando ya simu. Tarehe saba, saa zile zile.

"Ikigoma ulikuwa unazima injini?"

"Naanzaje kuzima? Nasubiri ikubali. Na nikizima naogopa betri zisije zikanigomea nazo."

Injini ya tani 20 ikikaa kwenye silensa inakula lita tatu hadi tano kwa saa. Saa nne, mara nne: lita 16. Dizeli iliyoibiwa ilikuwa imepita kwenye bomba la moshi.

Lakini mstari ulikatika kwa nini? GPS ile haina jicho lake ndani ya tanki. Inapata kiwango cha mafuta kwa kuchungulia nyaya zile zile mbili, inasikiliza mazungumzo ya wenyewe. Nyaya zikinyamaza, nayo haina la kupeleka. Nikamweleza mzee hivyo, akatikisa kichwa polepole, akiangalia mkaa. Halafu, kwa kuendeleza mazungumzo tu, nikauliza GPS ilifungwa lini.

"Mwaka jana, mwezi wa tisa. Mashine ilikuwa yadi, Mbeya. Mimi nilikuwa likizo."

Sikusema kitu. Mwaka jana mwezi wa tisa, katika yadi moja ya Mbeya, nilifunga GPS tano kwenye eskaveta tano. Wakala aliyeniita alinilipa shilingi 40,000 kwa kila moja. Matajiri wa mitambo sikuwaona, nao hawakuniona. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu.

Mzee alilala mapema. Mimi nilisikiliza mvua kwenye bati na kujiambia kwamba Mbeya ina yadi nyingi.

Alfajiri tulikuwa kwenye mtambo. Mita ilisoma 121. Nikampa mzee mita, nikamwambia akae mlangoni na atamke kila namba inayobadilika, mimi nitakuwa chini natikisa nyaya. Nikalala chali kwenye sakafu ya kabini, kichwa chini ya kiti, tochi mdomoni. Maji yalikuwa yanaingia penye mpira uliochakaa wa dirisha la nyuma, yanateremka kando ya fungu la nyaya kama yanayofuata njia waliyoonyeshwa. Nikaanza juu, nikashuka nayo.

"Mia na ishirini na moja," mzee akasema. "Mia na ishirini na moja. Hapo hapo. Haijabadilika. Mia na... sitini na moja! Imerudi. Mia na ishirini na moja. Sitini na moja."

Mkono wangu ulikuwa umeshika uvimbe mdogo kwenye nyaya. Nikaumulika. Tepu ya bluu.

Mafundi wote ninaowajua wanatumia tepu nyeusi. Siku ile kwenye yadi tepu yangu nyeusi iliisha kwenye mtambo wa nne, nikatuma kijana dukani, akarudi na bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Maelekezo ya kifaa yalisema nyaya ziungwe kwa kulehemu na zifunikwe mpira unaonywea kwa moto. Umeme ulikuwa umekatika. Nikakata waya wa H, nikakata wa L, nikaziunga upya kwa vidole pamoja na nyaya za GPS, nyaya tatu tatu, nikazungushia tepu, nikajiambia nitarudi kesho kulehemu. Kesho yake nilipata kazi nyingine.

Niliibandua. Ndani kulikuwa na kijani kibichi cha shaba iliyooza. Kwenye waya wa H zilibaki nyuzi mbili au tatu zilizoshikana. Zikiloa zinaachana, zikikauka zinagusana. Msokoto wenyewe nilikuwa nimeufungua urefu wa kiganja.

"Umeupata?" mzee akauliza kutoka mlangoni.

"Nimeupata."

"Ni panya?"

Panya walikuwepo kweli. Nilikuwa nimeona mavi yao nyuma ya kiti. Angeamini, na tajiri angeamini, na mimi ningelipwa. Sijawahi kuona mtu analetewa uongo ukiwa tayari umepikwa namna ile, na mletaji akiwa ndiye atakayeulipia.

Sikujibu. Nilimwomba anipe pasi ya kulehemu ya gesi iliyokuwa kwenye begi. Nikakata sehemu yote iliyooza hadi nikakuta shaba nyekundu. Nikaongeza vipande vipya, nikalehemu, nikafunika kila kiungo kwa mpira wake, nikapasha hadi ukabana, nikazisokota upya. Nikalifunga fungu zima juu zaidi, pasipofikiwa na maji, nikaziba penye mpira wa dirisha. Kazi ya saa moja na nusu. Mwaka jana ingekuwa ya dakika ishirini.

"Sitini," mzee akasema. "Sitini. Sitini. Haitikisiki."

Akawasha. Akazungusha kidude hadi kumi na mtambo ukaitika kwa mwili mzima. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Akainua bumu, akalishusha, akalizungusha huku na huku bila sababu, kisha akazima na kumpigia tajiri, sauti ikiwa juu ili na mimi nisikie. Akasema imepona. Tajiri hakumwitikia. Alisema, "Mpe fundi simu."

Nikaipokea.

"Waya umeuona?"

"Nimeuona, tajiri."

"Ulikatwa?"

Mzee alikuwa ananiangalia. Swali lilikuwa moja na jibu la kweli lilikuwa neno moja, na neno hilo peke yake lingempeleka mzee polisi. Nilikuwa nimelala usiku mzima nikidhani nachagua kati ya kusema na kunyamaza. Kumbe ndiyo ya nusu nayo ilikuwepo, na ndiyo mbaya zaidi.

"Ulikatwa," nikasema. "Niliukata mimi. Mwaka jana, nilipofunga hiyo GPS. Niliunga vibaya, maji yakaingia. Mtambo ukikosa mawasiliano, na GPS inakosa. Hakuna mtu aliyechomoa kitu."

Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Rudia."

Nikarudia. Nikaongeza hesabu ya silensa, lita nne kwa saa, saa nne, na daftari, tarehe saba. Nilisema haraka mno, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Tajiri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mambo ambayo sitayaandika, ila la mwisho lilikuwa kwamba hata nauli ya kurudi Mbeya nisiitegemee kwake. Akakata.

Nilimrudishia mzee simu yake. Tepu ya bluu ilikuwa imebaki sakafuni mwa kabini, imejikunja, gundi yake imejaa uchafu. Aliiokota, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa wewe kijana, siku ile ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu. Nilikumbuka giza la yadi baada ya umeme kukatika, rangi ya tepu, uzito wa noti za 10,000 mfukoni. Nilikokuwa nakwenda sikukumbuka. Hadi leo sikumbuki.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitia ile tepu mfukoni mwa koti, akapanda kwenye kiti, akafunga mlango.

Nilibaki nikimtazama akifanya kazi kwa sababu sikuwa na la kufanya. Waliteremsha kalavati kabla ya adhuhuri, wakalifukia, akapita juu na mnyororo kushindilia. Saa tisa mabanzi mawili yaliondolewa. Pikipiki ya kwanza kupita ilikuwa imebeba kreti za soda.

Mwisho wa mwezi ule tajiri alimrudishia mzee nusu ya makato, akasema nusu nyingine ni ya kuacha injini ikiunguruma bure. Nililijua hilo kutoka kwa mzee mwenyewe nilipompigia. Nikamtumia elfu hamsini kwenye simu, mwezi uliofuata nikatuma nyingine. Alizipokea, hakuandika kitu. Mara ya tatu nilipopiga alisema yuko Kyela, kwa tajiri mwingine, kwenye mashine ya zamani ya kebo, na kwamba anaifurahia.

Wakala wa GPS alikataa kunipa orodha ya mitambo mingine, kwa hiyo niliitafuta kwa kuuliza yadi kwa yadi. Miwili niliikuta Chunya, kwenye machimbo. Viungo vilikuwa bado vikavu kwa sababu Chunya ni kukavu. Nililehemu bila malipo, na tajiri wa huko aliniangalia kama mwizi hadi nilipoondoka. Wa tatu, fundi mwingine alishakutana nao akarekebisha. Niliona kazi yake, ilikuwa nzuri, na sikujua ni nani alilaumiwa kabla hajafika.

Wa mwisho uliuzwa. Wengine wanasema uko Songwe, wengine wanasema ulivuka mpaka. Siku hizi nikiingia yadi yoyote yenye eskaveta ya njano naomba ruhusa ya kuinua kiti. Wananiuliza natafuta nini. Nawaambia tepu.